Mkemia Aliyeitwa Sielewi

Aliyelala mbele yetu leo alizaliwa tarehe 14 Mei 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi mchomeleaji na mama mshona mashuka wa hospitali. Wasifu wake unasomwa na mdogo wake wa kiume, kwa kuwa mume wake, fundi miwani, amekaa na kalamu siku nzima akaishia kuandika tarehe ya kuzaliwa tu. Yaliyobaki aliyasimulia kwa mdomo, mara akienda mbele, mara akirudi nyuma. Palipo na mkanganyiko, wapendwa, mtuvumilie. Hata nyumbani bado hatujaukunjua.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1958, na huko ndiko alikopata jina la utani alilozeeka nalo. Alikuwa darasa la nne, mkaguzi wa shule akaingia na kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyooo!" Sauti moja nyembamba ikabaki nyuma: "Mimi sielewi." Mwalimu wa hesabu alimkata jicho, na wiki ile msichana akamwagilia maua ya shule peke yake. Basi wenzake wakaona wamepata mtaji. Kila somo lilipokuwa gumu walimfinya chini ya dawati: "Hebu sema huelewi, na sisi hatuelewi." Akawa anasema kwa niaba ya wote, fimbo ikija inamwangukia yeye. Hivyo ndivyo alivyokuwa Sielewi. Baba alikasirika kidogo, kisha naye akaanza kumwita hivyo hivyo.

Alimaliza sekondari mwaka 1970, akapata shahada ya kemia mwaka 1974. Baada ya kufundisha miaka mitatu alipelekwa ng'ambo, akarudi mwaka 1981 na shahada ya uzamivu, sanduku moja la vitabu na koti zito ambalo hakulivaa tena. Majirani waliposikia kwamba ni mkemia walijipanga mlangoni, mwenye tumbo, mwenye jino, mwenye mtoto asiyelala. Mama yetu aliona aibu kuwafukuza. "Mwanangu, kwani hiyo kemia yako haina hata dawa ya kikohozi?" Hakuwa nayo. Aliwachemshia maji ya tangawizi, wakaenda zao wakimsifu.

Mwaka huohuo aliajiriwa na taasisi ya utafiti, akapewa chumba cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha. Humo mlikuwa na mashine ya infraredi, yaani ya mwanga usioonekana, ule tunaouhisi kama joto la jiko. Kazi yake aliieleza hivi: kila chembe hai ya mwili imefungwa ndani ya utando wa mafuta, mwembamba kupita kiasi. Mafuta yale hayatulii, yanatikisika. Ukiyapitishia mwanga ule, mashine inachora mstari wenye vilima na mabonde, na kilima kikisogea kidogo tu unajua kwamba utando umelainika kama siagi, au umekakamaa. Ni muhimu kujua hivyo, kwa sababu dawa nyingi lazima zipite hapo kwanza. Mashine haikupenda unyevu. Mara ya kwanza mume wake kuingia mle alipigiwa kelele, "Usipumulie hapo! Pumzi yako inaonekana kwenye mchoro!" Alitoka nje kupumua. Wateja dukani walipomuuliza mkewe anafanya nini, alijibu, "Anasikiliza mafuta yakitetemeka," akawaacha na mshangao wao.

Walikutana kwa sababu ya miwani. Mwaka 1982 alikwenda dukani kwa fundi akachukua miwani mpya, kisha akairudisha akisema kuna kitu hakiko sawa. Fundi akapima, hakuona kasoro. Akairudisha tena. Fundi akang'arisha vioo, akakaza vishikizo, akampa. Aliporudi tena fundi alikuwa amekwishaanza kutilia shaka ufundi wake mwenyewe.

"Dada, niambie ukweli. Huoni vizuri wapi? Mbali au karibu?"

"Naona vizuri kote," akasema. "Miwani haina neno. Ila sielewi kwa nini narudi."

Fundi anasema aliendelea kufuta vioo visivyo na vumbi mpaka mteja mwingine akakohoa. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983. Mwaka 1986 walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi.

Lazima tuseme juu ya kilima kimoja cha mchoro, maana kilimgharimu. Mwaka 1992 taasisi ilikuwa inapima dawa mpya, na kwenye michoro kikajitokeza kilima kidogo kisichokuwapo zamani. Mkuu wa maabara akasherehekea: dawa imejishika kwenye utando! Makala ikaandikwa haraka, jina la mkuu likiwa la kwanza na la marehemu la pili. Yeye akakataa kutia saini.

"Kilima hiki sikielewi," alisema.

"Wewe utaelewa lini?" mkuu akamjibu mbele ya watu. "Tangu uje hapa ni sielewi, sielewi. Sayansi ni kujua, mama."

Makala ilitoka bila yeye. Akaondolewa kwenye mradi, cheo alichokuwa anakitarajia kikaenda kwa mwingine, meza yake ikahamishiwa stoo pamoja na feni mbovu. Nyumbani alikuwa anakula huku ameangalia ukuta. Fundi alimwambia, "Si utie tu hiyo saini, mke wangu? Kilima chenyewe ni kidogo." Usiku ule mkewe alimpa mgongo. Mwaka 1995, akiosha vyombo vya maabara na mwanafunzi wake, alinusa kizibo cha plastiki kilichokaa kwenye klorofomu, kimiminika kikali cha kuyeyushia mafuta, akasimama. Walitia kipande cha kizibo kwenye klorofomu tupu, bila dawa wala utando wowote, wakapima. Kilima kikatokea, kilekile. Vizibo vilikuwa vinayeyuka vikiingia kwenye sampuli. Mkuu aliifuta makala yake mwenyewe, akakaa mwaka mzima hamsalimii. Kisha asubuhi moja akamwekea mezani makala nyingine na kusema, "Isome kwanza wewe. Usipoielewa haitoki." Kuanzia hapo hapakutoka kitu pale kabla hajakipitia. Cheo alipewa mwaka 1998. Vipimo vyake vya jinsi utando unavyolainika mbele ya dawa vinafundishwa hadi leo na mwanafunzi wake yule, ambaye sasa tunamwita Profesa.

Tarehe 8 Novemba 2013 alistaafu. Ukumbi ulijaa, na Profesa ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Marehemu alizungumza vizuri, akachekesha watu kwa habari ya wale majirani na matumbo yao. Halafu mchoro mmoja ukaonyeshwa ukutani, mchoro wake mwenyewe, aliouchora mara nyingi kuliko jina lake. Akautazama. Akausogelea. Akautazama tena, akasema, "Huu mstari... sielewi ni wa nini."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu walisimama. Kijana mmoja alisikika akimwambia mwenzake, "Umeona unyenyekevu huo?" Profesa mwenyewe alipiga makofi hadi viganja vikamuuma. Fundi, kwenye safu ya mbele, naye alipiga. Ila aliona kwamba mke wake hatabasamu. Macho yake yalikuwa yanazunguka ukumbini yakitafuta mtu, na yalipompata yeye yakatulia. Alipunga mkono kidogo, fundi naye akapunga. Akadhani ni furaha.

Ndugu zangu, ni nani angejua? Mtu aliyesema sielewi maisha yake yote, utamkamata wapi? Alipokuta funguo kwenye friji akasema, "Sielewi zimefikaje," wote walicheka. Alipotia chumvi kwenye chai, fundi aliinywa yote akidhani anapimwa. Alipomuuliza binti yake, "Nesi, wewe ni wa nani?" binti akajibu, "Ni wa kwako, mama, umenisahau?" wakacheka tena, na kwa kicheko kile binti bado anajilaumu. Alipolalamika kwamba maandishi yanamkimbia, fundi alimpima macho, akamtengenezea miwani mpya. Kisha nyingine. Kisha nyingine tena, yenye vioo vizuri kuliko vyote alivyowahi kukata. Daktari wa kwanza alisema ni uchovu, wa pili akasema ni huzuni ya kustaafu. Mwaka 2016 ndipo wa tatu alipomwita fundi pembeni na kumwambia kwamba ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba ulianza zamani.

"Zamani lini?" fundi akauliza.

"Hilo, mzee, ni wewe wa kuniambia," daktari akasema. "Wewe ndiye unayeishi naye."

Jibu hilo lilimvuruga kuliko ugonjwa wenyewe. Alifunga duka mapema, akaenda kwa Profesa.

"Ile siku ukumbini, ulipiga makofi kwa nini?"

Profesa akainamisha kichwa. "Nilidhani ni yeye, mzee."

"Hata mimi nilidhani ni yeye."

Profesa akamvutia kiti. Kisha akasema, "Huenda alikuwa ni yeye. Mstari ule hata mimi kuna sehemu yake siielewi mpaka leo."

Fundi alirudi nyumbani bila kujua kama amefarijiwa au la. Mpaka leo anazipanga zile sielewi, ipi ilikuwa ya mkewe, ipi ya ugonjwa. Haziachani.

Mwaka wa mwisho neno lile lilimpotea kabisa. Ukimwambia mvua inanyesha, "Naelewa." Ukimwambia ni wakati wa kuoga, "Naelewa, naelewa." Wageni walifurahi wakisema ametulia. Fundi ndipo alipolia. Alimshika mabega akamwambia, "Usinikubalie kila kitu, mama. Nibishie." Mkewe akamtazama kwa upole kabisa, kama mtu anayemsikiliza mgeni.

Mwezi Februari 2022 alipata nimonia. Binti aliomba likizo, akamuuguza nyumbani kwenye kitanda cha karibu na dirisha. Asubuhi ya tarehe 3 Machi mdogo wake, huyu anayewasomea, alifika, moja kwa moja kutoka safari. Marehemu alimshika mkono akauliza, sauti ikiwa wazi, "Umekula?" Hakuwa amekula, lakini aliitikia kwamba amekula. "Mwongo," akasema dada yake. Fundi alikwenda jikoni kumpakulia uji. Aliporudi na bakuli binti alikuwa amekwisha kumfumba mama yake macho, na mkono bado uko ndani ya mkono wa mdogo wake. Kama alimtambua, au alimfananisha na mtu mwingine aliyewahi kuwa na njaa, hatujui.

Ameacha mume, fundi miwani, aliyeishi naye zaidi ya miaka thelathini na minane. Binti mmoja na mkwe mmoja. Wajukuu wawili waliomwita Bibi Kemia. Mdogo mmoja wa kiume, na wanafunzi ambao wamejaa safu tatu za nyuma hapa. Fundi ametuomba tuwashukuru wote waliomcheka pamoja naye, maana hakuna aliyecheka kwa ubaya.

Udongo umpokee kwa upole, na Mungu ampe pumziko la amani.