Sajenti Merle Stauffer na Mlango wa Orrin Tackett

Ndugu, majirani, na ninyi wanajeshi wastaafu mliokataa viti mkasimama pale nyuma, mimi ni Lorna, mtoto wa kwanza wa marehemu. Nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Merle Everett Stauffer. Mama ameniagiza niwe mfupi na niache udadisi. La kwanza nitajaribu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1947, shambani kwa wazazi wake, maili nne kutoka Pruett Fork, Kaunti ya Dunmore, hapa Missouri. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano wa Emil na Hilda Stauffer. Alibatizwa katika kanisa hili hili, na bibi alikuwa akisimulia kwamba alilia tangu wimbo wa kwanza hadi baraka, mpaka mchungaji akafupisha mahubiri. Watu walimshukuru kwa hilo.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja ya Cold Branch, kisha shule ya sekondari ya Pruett Fork, akamaliza Mei 1965. Ripoti zake mama amezihifadhi. Karibu kila mwalimu aliandika jambo lile lile: Merle ana akili, lakini hunyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Septemba 1966 aliitwa jeshini. Alitumwa Vietnam kuanzia Machi 1967 hadi Machi 1968, katika kikosi cha wahandisi kilichojenga barabara na madaraja, akarudi akiwa sajenti. Mimi na ndugu yangu Curtis tulimuuliza sana habari za huko. Jibu lilikuwa moja tu: "Kulikuwa na matope." Nilipofika chuo nikamwambia, "Baba, mwaka mzima, matope tu?" Akafikiri sana, kisha akasema, "Na mbu."

Kuanzia 1969 hadi alipostaafu 2004, marehemu aliendesha greda la idara ya barabara ya kaunti. Ni greda hilo lililomleta mama. Majira ya baridi ya mwaka ule wa kwanza, akiondoa theluji, alifukia sanduku la barua la mzee Ruhl. Akarudi na sepetu kulifukua, na binti wa nyumba ile, Nadine, akamtolea kahawa. Wiki iliyofuata sanduku likafukiwa tena. Lilipofukiwa mara ya tatu, mzee Ruhl alitoka nje akasema, "Kijana, kama unamtaka binti yangu, gonga mlango kama mtu. Niachie sanduku langu." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 13 Juni 1970, wakajaliwa watoto wawili.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mnamjua kwalo. Januari 1994, marehemu na wenzake kumi, wote waliowahi kuvaa sare, walikaa katika ukumbi wa wanajeshi wastaafu wakaanzisha Kikosi cha Raia wa Dunmore. Hawakutaka makubwa: kodi iwe ndogo, serikali isiingilie shamba la mtu wala kanisa lake, bunduki ya mtu ibaki ukutani kwake, na mtoto aliye tumboni alindwe. Mimi mwenyewe kura zangu zilikwenda kwingine mara nyingi, na baba alilijua hilo. Kila uchaguzi alinigongea mlango rasmi, kofia mkononi, akanipa karatasi ya kampeni na kusema, "Habari za asubuhi, mama. Je, umeamua?" Namwambia, "Baba, ingia ndani bwana, unaleta baridi." Alikataa kuingia mpaka nimjibu.

Nilikuwa natamani kujua kwa nini hawa watu hawachoki. Jumamosi moja nikaenda kuwatazama. Kwanza ilikuwa chapati za maji na soseji, kisha kiapo cha bendera, kisha ramani. Kaunti nzima walikuwa wameigawa kama uwanja wa vita: kila mtaa na watu wawili, kila mlango na alama yake. Waligundua kwamba viti vingi vya wajumbe wa mitaa katika chama cha Republican vilikuwa vitupu, hakuna aliyevitaka, na mtu aliweza kuchaguliwa kwa kura tatu. Wakavijaza kimoja kimoja. Miaka minne baadaye walikuwa mia na arobaini, na hakuna mgombea wa kaunti aliyethubutu kutopita kwao. Dwight Loomis, aliyekuwa katika jeshi la majini, aliniambia siku ile, "Dada, wengine wana mamilioni. Sisi tuna magoti mabovu na muda."

Walikuwa na desturi moja. Mgombea akisema alikuwa mwanajeshi, aliweka cheti chake cha kumaliza jeshi mezani kabla hajamiminiwa kahawa. Mtu anayejivika vita ambavyo hakupigana, kwao ni mwizi kuliko wezi wote. Baba, mwenyekiti wao, ndiye aliyekuwa akivikagua vyeti.

Mwaka 1998 mzee Orrin Tackett aliomba kuwa mkuu wa baraza la kaunti, katika kura za mchujo za chama hicho hicho. Alikuwa na miaka sitini na saba, mkulima, mkimya, mwenye msimamo uleule wa Kikosi. Alisema alipigana Korea. Cheti hakuwa nacho: mafuriko ya 1993 yaliingia nyumbani kwake yakaondoka na sanduku la nyaraka. Baba akaandika barua kwenye ghala la kumbukumbu za jeshi kule St. Louis. Jibu lilikuja Julai. Katika mkutano, mbele ya watu mia mbili, marehemu alisimama akasoma kwamba hakuna kumbukumbu yoyote yenye jina hilo iliyopatikana. Kisha akasema, "Bwana Tackett, jeshi halikujui." Mzee Tackett alichukua kofia yake akatoka. Kikosi kikapita nyumba hadi nyumba na habari ile, na tarehe 4 Agosti akashindwa kwa kura sitini na moja.

Barua ile ilikuwa na kurasa mbili. Baba alikuwa amesoma ukurasa wa kwanza tu.

Katikati ya Septemba mama alikuwa anapanga karatasi za mezani. Akamwita, "Merle, njoo. Keti." Akamsomea ukurasa wa pili. Ulieleza kwamba Julai 1973 moto uliteketeza kumbukumbu za mamilioni ya askari waliotoka jeshini kabla ya 1960, na kwamba kukosekana kwa faili si ushahidi kwamba mtu hakutumikia. Vyeti vya watu wa Vietnam havikuguswa na moto ule, ndiyo maana wenzake hawakuwahi kuuwazia. Nilikuwepo jikoni siku ile. Baba aliuomba ule ukurasa, akausoma mwenyewe mara mbili, akaenda kukaa ndani ya pikapu bila kuwasha injini. Mama alimwacha huko.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba alikwenda kwa mzee Tackett. Mlango ulifungwa usoni pake. Jumatatu akakiambia Kikosi chote alichokifanya, akajiuzulu uenyekiti, na hakuupokea tena hadi anakufa. Halafu akaanza kutembea. Eneo lake lilikuwa na milango mia nne na kumi na miwili, na yote aliirudia kwa miguu. Mama mmoja wa barabara ya kinu alimwambia, "He! Merle, kwani uchaguzi umeanza tena?" Akasema, "Hapana, mama. Nilikuambia Orrin Tackett ni mwongo. Mwongo hakuwa yeye." Mwingine alimwambia hadharani, "Shika adabu, wewe, umemmaliza mtu sasa ndiyo unakuja na kofia mkononi?" Hilo alilikubali pia. Dwight alimtania, "Sajenti, viatu vitaisha." Lakini Dwight naye akarudia milango yake, na wengine wakafuata. Walimaliza siku mbili kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba.

Mwaka uliofuata hati za malipo za mzee Tackett zilipatikana katika ofisi nyingine, pamoja na ile ya hospitali: alijeruhiwa mguu mwaka 1952. Baba alizitoa nakala akazibandika ukumbini. Tangu hapo, Kikosi husoma kila karatasi kwa sauti hadi mwisho. Dwight hulalamika kwamba siku hizi wanasoma hadi anwani ya kiwanda cha karatasi.

Na kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, marehemu alivaa shati safi akaenda kwenye mlango ule. Alikaa dakika tatu, akarudi. Miaka ishirini na mitano! Mimi roho yangu iliwaka kutaka kujua. "Mmesema nini?" "Ya watu wawili." "Amekusamehe?" "Lorna, menya viazi."

Mwaka 2017 aligundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Aliendelea kuhudhuria mikutano, na alipiga simu kwa wajumbe wa bunge la jimbo hata sauti ilipokuwa haisikiki vizuri. Oktoba 2022 nilimpeleka mimi. Hakuweza kupanda ngazi, mzee Tackett akatoka akasimama juu, baba chini, nami nikiwa garini nimefungua kioo chote na sisikii kitu. Mwaka huu hakuweza kutoka kitandani. Jumamosi ile aliniuliza mara nne kama ni Jumamosi. Nikapiga simu kwa mzee Tackett, ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena jioni. Baba akauliza, "Amesema nini?" Nikasema hajapokea. Akageukia ukutani. Wiki iliyofuata aliniuliza tena, na nyingine tena. Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 13 Novemba 2023, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Jumatano nilikwenda kwa mzee Tackett. Sitawaficha, nilikwenda nikiwa na hasira. Ana miaka tisini na miwili. Alifungua mlango, nami sikumsalimu. Nilimwambia baba amekufa. Nikamwambia alikufa akisubiri neno lake, na simu nilipiga mara mbili.

"Simu siisikii," akasema. "Masikio yamekwisha. Ingia, binti."

Sikuingia. Nikamuuliza walikuwa wanaambiana nini miaka yote hiyo.

"Alisema, 'Orrin, nilikukosea mbele ya watu, na bado nimekukosea.' Mimi nilisema, 'Nimesikia, Merle.' Basi. Halafu tunatazama mahindi kidogo."

"Na hukumsamehe?"

"Nilimsamehe mwaka wa tatu. Oktoba 2000."

Nikapiga kelele, majirani nisameheni. "Mzee Tackett! Sasa mbona hukumwambia?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. Mkewe alifariki masika ya mwaka ule wa 2000. Watoto wake wako Oregon.

"Ningemwambia," akasema, "angeacha kuja."

Nilikaa kwenye ngazi nikalia, naye akakaa pembeni yangu kwa taabu, mguu ule wa Korea ukiwa umenyooka mbele yake. Kisha akasema kwamba alisingiziwa mbele ya watu, kwa hiyo na hili lisemwe mbele ya watu, tena kwa sauti, kwa sababu ya masikio yake. Dwight alikwenda kumchukua leo asubuhi. Nimewaomba wamkalishe mstari wa mbele, pamoja na familia.

Marehemu ameacha mjane, Nadine; watoto wawili, mimi na mume wangu Gary Beal, na Curtis na mkewe Janelle; wajukuu watatu, Tessa, Wade na Colton; dada yake, Irma; na wanachama wa Kikosi cha Raia wa Dunmore, ambao watamwita kwa jina mara tatu kaburini kama ilivyo desturi yao.

Mzee Tackett, natumaini umenisikia. Baba, ulisamehewa Oktoba 2000. Lala sasa, kwa amani ya Mungu.