Mfuko wa Wombati

Kwenye basi la kwenda Hobart, Australia, Thelma alikaa nyuma ya abiria wawili, sikio kalitega. Mmoja, Clive, alikuwa akimwambia mama wa kando yake, asiyemjua, "Pale kituoni nilipopandia kuna wombati kagongwa na gari, kafa. Nimempapasa mfuko, hamna kitoto."

"Umepapasa wapi?"

"Mbele, kama kangaruu. Na mama yake keshakufa, mtoto atapona vipi?"

"Wee! Kwani huyo ng'ombe, afe na ndama tumboni? Kitoto chake huzaliwa kama harage, kikamalizia kukua mfukoni, kikinyonya. Na wombati hufukua mashimo, mfuko wake unafunguka kwa nyuma, mchanga usiingie!"

"Uongo!"

"Dereva, simama!" yule mama alipaza sauti. "Huenda kitoto ki hai bado!"

Thelma alikuwa anakimbilia kung'olewa jino, lakini alijikuta naye anapiga kelele, "Simama!"

Basi likasimama. "Mwongo mkubwa wewe," Clive alimwambia yule mama, tayari yuko mlangoni arudi kituoni, anavua sweta la kukifunikia kitoto.