Kipaza Haachi Mpaka Pazia Lishuke

Tarehe 30 Juni, mwigizaji mkuu wa ukumbi wetu atastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Watazamaji wamemjua kwa sura za wafalme, mahakimu na wakwe wakali. Sisi tunamjua kwa jina moja tu, Kipaza. Nimeombwa kuandika machache juu yake kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna aliyebaki hapa ambaye amefanya naye kazi kwa muda mrefu kuliko mimi. Pili, mkuu wa ukumbi alipouliza kwenye kikao nani ataandika, wenzangu wote waliinama kutafuta kalamu zilizoanguka, na mimi sikuwa na kalamu.

Kwa wasionijua, mimi ni mvuta pazia. Niliajiriwa nikiwa mwigizaji. Nikaigiza jioni mbili, na ya tatu nikakabidhiwa kamba. Kipaza ndiye aliyenifariji. Aliniambia kwamba kila mtu anaweza kuanza mchezo, lakini wa kuumaliza ni mmoja tu, mwenye kamba. Nilimwamini. Mpaka leo sina hakika kama alikuwa akisema kweli au akifanya mazoezi.

Yeye mwenyewe aliingia hapa kama fundi rangi. Alikuwa juu ya ngazi akimalizia ukuta wa jumba la kifalme wakati mfalme aliposhikwa na homa. Fundi rangi alikuwa amesikiliza mazoezi kwa wiki nzima na maneno yote anayo. Akashuka, akavaa taji, akatawala. Wanaokumbuka wanasema mfalme yule alikuwa na viwiko vya kijani hadi msimu ulipokwisha. Sauti yake ndiyo iliyompa jina. Mama anayeuza karanga nje ya lango anasema hajawahi kulipa kiingilio na hajawahi kukosa mchezo.

Ukumbi wetu una sheria moja ambayo kila mgeni huambiwa siku ya kwanza: mchezo ukianza, hauachwi mpaka pazia lishuke. Sote tunaifuata sheria hii. Kipaza anaiabudu. Mlango wa jukwaani ulipokwama, aliingia kupitia dirishani, akavua kofia na kusalimia kana kwamba nyumba hiyo ndivyo inavyoingiwa, na waigizaji wote waliofuata wakalazimika kupanda dirisha, akiwemo bibi harusi. Paka alipokatiza katikati ya kesi ya mauaji, hakimu Kipaza alimwita shahidi wa tatu, akamhoji, akamshukuru. Paa lilipovuja, alitoa hukumu akiwa ameshika ndoo mapajani, akingoja tone lidondoke kabla ya kila neno zito. Alikuwepo afisa mmoja wa serikali mstari wa mbele usiku huo. Paa likazibwa kabla ya mwezi kuisha. Hayo ni mafanikio, na ndoo tunayo bado.

Lakini najua mlichokuja kusoma. Mnataka habari za televisheni.

Ili mzielewe, lazima kwanza mumjue mama mkwe wake. Mama huyu amekaa nyumbani kwa Kipaza tangu alipofiwa na mumewe, na yeye ndiye mwenye rimoti. Binti yake, mke wa Kipaza, ni mshonaji, kazi ambayo mama anaielewa: kitambaa kinaingia, nguo inatoka. Kazi ya mkwe hakuielewa. Mtu mzima kulipwa kwa kuwadanganya watu waliokaa kimya, kwake hilo halikuwa jambo la kusema mbele za majirani. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia kwamba mkwe wake ndiye anayefunga na kufungua ukumbi. Kipaza alilisikia hilo kila wiki, akitabasamu. Nami niliyemfahamu nilijua kwamba lilimuuma kuliko ukosoaji wowote wa magazetini.

Basi siku moja watengenezaji wa tamthilia ya televisheni walitupigia simu. Walikuwa wameona jukwaani kitu cha thamani na walikitaka. Kitu chenyewe kilikuwa kiti. Ni kile kiti kizito cha ngozi, cha hakimu. Kipaza alishika upande mmoja, mimi mwingine, tukakipandisha ngazi mpaka kwenye ofisi zao zilizokuwa juu ya duka la magodoro. Korido ilijaa vijana wenye meno mazuri wakingoja usaili. Tulipokitua kiti, Kipaza akakikalia apumue. Mlango ukafunguliwa, mama wa usaili akatoa kichwa, akawatazama wale vijana wote, akamtazama Kipaza kitini, akasema, "Daktari si huyu hapa. Nyie wengine mnaweza kwenda."

Nafasi ilikuwa ya daktari anayetokea mara moja tu, na daktari alikuwa na sentensi moja: "Mama, mgonjwa wako atapona." Akaombwa aiseme. Chumba kilikuwa kidogo kama kabati, lakini Kipaza aliisema kama anavyosema kila kitu, kwa ajili ya aliyeketi mstari wa mwisho. Birika likatetemeka. Kutoka duka la magodoro chini, mtu akaitikia, "Tunashukuru sana, daktari." Mama wa usaili alicheka mpaka akavua miwani. "Baba," akamwambia, "kamera itakuwa hapa, si ng'ambo ya barabara." Lakini nafasi akampa.

Nyumbani alitangaza kwamba safari hii mama ataona mwenyewe kazi ya mkwe wake, tena kwenye televisheni yake, na rimoti mkononi mwake. Mama akajibu kwamba ataona. Kuanzia hapo Kipaza hakulala vizuri. Alimpigia simu mwongozaji kuuliza kama daktari huyo ana watoto, kama anaipenda kazi yake, na kama yeye na kaka yake walishapatana kuhusu kile kiwanja. Mwongozaji aliuliza kiwanja gani. Kipaza akasema hicho ndicho anachojaribu kujua. Mwongozaji akamwambia taratibu, "Mzee wangu, daktari anaingia, anasema, anaondoka."

Siku ya kurekodi nilikwenda naye, kwa sababu kiti kilihitaji mtu wa pili. Zahanati ilikuwa imetengenezwa ndani ya ofisi tupu iliyonuka rangi mbichi: kitanda, pazia la dirishani, sinki ambalo bomba lake halikuunganishwa popote. Binti wa mapambo aliziangalia mvi za Kipaza, akasema hazionekani za kweli, akampaka nyingine juu yake. Koti jeupe lilikuwa pana mno, basi wakalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, saba au nane, akaonywa asiigeuzie kamera mgongo hata kidogo. Tukangoja. Kiti kiliitwa saa tatu asubuhi. Kipaza aliitwa alasiri.

Mara ya kwanza alipoisema sentensi, fundi sauti alivua vile vidude vya masikioni na kuvitazama kwa huzuni. Mara ya pili alivivua mapema. Mara ya tatu Kipaza aliisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Mwongozaji akasema, "Kata." Mwigizaji wa nafasi ya mama mwenye mgonjwa, nyota mkubwa wa tamthilia hiyo, alifuta machozi na kuomba simu yake. Watu wakaanza kukunja nyaya.

Kipaza hakuacha. Alimgusa mama yule begani, akamwambia akapumzike, nyota akabaki ameshika simu bila kujua aende wapi. Kisha akaelekea kwenye sinki. Kwa kuwa alikatazwa kuonyesha mgongo, alikwenda kwa upande, akiambaa ukutani kama kaa. Akafungua bomba lisilo na maji. Akanawa. Alinawa polepole, kidole kwa kidole, akakung'uta, akajifuta, akakunja taulo. Mwongozaji akasema, "Mzee, tumemaliza." Kipaza akamwinulia kidole kimoja, kama daktari anavyomwonyesha mtu asiyefuata foleni. Fundi taa aliposogea kuchukua waya, alishikwa kifundo cha mkono, akapimwa mapigo, akaambiwa apunguze chumvi. Fundi taa, jitu zima lenye mikono kama milango, akauliza kwa unyonge kuhusu mgongo wake pia. Nyuma yake dereva alikuwa tayari anavua kiatu.

Wote walidhani mzee amechanganyikiwa. Mimi peke yangu nilielewa kilichomsibu: mchezo ulikuwa umeanza na pazia halijashuka. Televisheni haina pazia. Mtu huyu angeweza kutibu mpaka asubuhi. Alikuwa amerudi kwenye kiti chetu, ameegemea, ametoa pumzi ndefu ya mtu aliyebeba habari za wagonjwa kutwa nzima. Nikaenda dirishani na kufanya kazi pekee ninayoijua. Nikavuta pazia. Kipaza akasimama, akainama kutoa heshima, akauliza chai iko wapi.

Jumamosi ya kuonyeshwa, nilialikwa sebuleni kwake. Mama mkwe alikaa kwenye kochi kubwa, majirani wawili upande wake wa kulia, rimoti pajani. Daktari akaingia. Akafungua mdomo, na hapo hapo likapigwa zeze la huzuni lililofunika sentensi yote. Midomo ilicheza, neno halikutoka hata moja. Mtu ambaye sauti yake inasikika kwa muuza karanga alikuwa ameonyeshwa nchi nzima akiwa bubu. Nilimwona Kipaza akididimia kwenye kigoda. Mkewe akamwekea mkono gotini.

Kumbe haikuwa imekwisha. Mpiga kamera, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia azime, alikuwa amechukua kila kitu, na waliokata na kuunga picha waliipenda sehemu ile wakaiweka mwisho. Daktari akaambaa ukutani. Akanawa mikono. Akakaa kitini, akatoa pumzi. Kisha mkono ukatokea pembeni na kuvuta pazia, na majina yakapanda. Mkono ule ni wangu, na jina langu halikuwemo. Mama alizima televisheni, akaenda kulala.

Kesho yake asubuhi palikuwa na foleni mlangoni. Mama alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mkwe wake ni daktari, amejificha miaka yote kwa unyenyekevu. Wa kwanza alikuja na mguu uliovimba, wa pili na kikohozi, wa tatu na mbuzi. Kwa mara ya kwanza Kipaza alikuwa mtu wa kujivunia, na alichohitaji kufanya ni kunyamaza tu. Mkewe alinisimulia kwamba alisimama mlangoni akiwatazama. Halafu aliwaelekeza wote waende kwenye zahanati ya kweli, akarudi ndani, akapiga magoti mbele ya kochi.

"Mama, mimi si daktari. Niliigiza."

"Usinichezee, baba. Nimekuona kwa macho yangu."

"Hata lile bomba, mama, lilikuwa bovu. Maji hayakuwepo."

"Mimi niliyaona," mama akasema. Akayafikiria tena maji yale, akatikisa kichwa. "Na yalikuwa ya baridi."

Wiki iliyofuata, kwa mara ya kwanza maishani, alikuja ukumbini, akalipa kiingilio kwa ubishi ingawa tulimkatalia, akakaa mstari wa mbele. Hajakosa mchezo tangu siku hiyo. Majirani wakimuuliza mkwe wake anafanya kazi gani, anasema anawaonyesha watu maji yasiyokuwepo, na kwamba ni kazi ngumu, msidhani. Televisheni nayo ilipiga simu tena. Walikuwa wanakitaka kiti. Kiti chetu kimeonekana katika vipindi kumi na kimoja na kinatambuliwa barabarani. Kipaza hakuitwa tena, wala sikumsikia akilalamika.

Kipaza, umewafundisha vijana wetu kuongea, kunyamaza na kuingia kupitia dirishani. Umenifundisha mimi kushika kamba kana kwamba ni kitu. Kwa niaba ya mafundi, waigizaji, wauza tiketi na paka, tunakushukuru. Kiti kile ni chako sasa. Mkuu wa ukumbi ameridhia, na mimi nitashika upande wa pili mpaka nyumbani kwako. Afya njema ikufuate, wewe na mkeo, na mama aendelee kushika rimoti kwa miaka mingi.

Hafla ya kukuaga itafanyika jukwaani saa kumi na moja jioni. Ratiba inasema kwamba baada ya hotuba yako pazia litashushwa. Ratiba haikuandikwa na mimi. Ukiona umemaliza kuongea na hakuna kinachoshuka, usishangae, endelea tu. Mama atakuwa mstari wa mbele, na mimi nitakuwa nimekaa karibu naye, nimeshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili.