Bi Ndoo na Sponji Isiyong'arishwa

Ifikapo tarehe thelathini Juni, fundi mkuu wetu wa matangi ya samaki, ambaye sote tunamwita Bi Ndoo, atastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi uliotukuka katika duka hili. Idara ya huduma za majumbani inaomba nafasi ya kulijibu swali ambalo wateja wengi wameondoka nalo: kwa nini mwanamke aliyeajiriwa kusafisha anauogopa usafi?

Alianza kwa kupanga vyakula vya samaki kwenye rafu. Hata hivyo, mara kwa mara aliwasahau wateja kwa kuwatazama samaki, na msimamizi wa enzi hizo akaona heri amhamishie huko huko macho yaliko. Tangu siku hiyo ndoo ya bluu haijabanduka mkononi mwake.

Kanuni zake zinajulikana. Maji hubadilishwa kiasi, hayamwagwi yote. Maji mapya huondolewa kwanza klorini, dawa ya bombani iuayo vijidudu, yakalingana joto na ya zamani. Sponji ya chujio husuuzwa ndani ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si bombani, kwa kuwa ndani ya sponji wamo bakteria wanaoila sumu itokanayo na kinyesi cha samaki. Bakteria hao yeye huwaita wapangaji, na huonya kwamba anayewafukuza wote kwa siku moja asishangae nyumba ikioza.

Wengi tuliyasadiki hayo kwa sababu ya nyumba moja. Baba wa familia alikuwa hospitalini, akitarajiwa kurudi kesho yake. Alikuwa ameachiwa samaki wa dhahabu na marehemu mkewe, na kila alipopiga simu aliwaulizia wao kabla ya watu. Binti zake, kwa mapenzi tu, walimwaga maji yote, wakasugua kokoto, wakaifua sponji kwa sabuni. Tangi liking'aa hivyo, samaki wakaanza kutweta juu ya maji.

Bi Ndoo alifika, akatoa sehemu ya maji, akaongeza mengine aliyoyatayarisha, kisha akachomoa mkobani sponji nyeusi ya tangi letu la dukani na kuikamulia humo. Maji yakawa rangi ya chai. Shangazi wa mabinti alishika kichwa: "Jamani! Watoto wamesugua kutwa, wewe unatuletea tope?" Bi Ndoo, bila kugeuka, alimwomba avute kiti, kwani tope la namna hiyo hutazamwa. Wakakaa, wakatazama. Kufikia jioni tope lilikuwa limetua, na samaki wakashuka chini mmoja baada ya mwingine. Baba aliporejea alikuwa na lalamiko moja tu: kioo kimesuguliwa mno hata anaiona sura yake ya kuugua.

Tangu hapo, ndani ya kila tangi la dukani hulowekwa sponji ya akiba kwa ajili ya nyumba zilizopatwa na usafi wa kupindukia. Wazo hilo ni lake.

Kamati ya kumuaga ilipomuuliza zawadi aitakayo, tulitarajia aombe saa ya ukutani. Aliomba sponji ya tangi kubwa la mlangoni, tena isisuuzwe, akaanzishie tangi lake la nyumbani. Tulipomkabidhi jana, aliikata katikati kwa mkasi, nusu akaitia ndooni, nusu akairudisha tangini.

Bi Ndoo, ahsante. Nusu yetu haitaliona bomba. Nenda salama na wapangaji wako. Tunakutakia maisha mema, yenye utulivu na tope lake kidogo.