Mkebe wa Majivu wa Mama Ndoo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko dukani, mhudumie huyo mteja kwanza, kisha uturudie. Leo tunamkumbuka Brigid Kavetsa wa mtaa wa Munyaka, hapa Eldoret. Wengi wenu hamlijui jina hilo. Lakini nikisema Mama Ndoo, najua kuna mtu Munyaka ameacha kutafuna.

Brigid Kavetsa, Mama Ndoo. Alizaliwa Vihiga, akaja Eldoret na mumewe, Mzee Joash, bawabu kule Elgon View. Walipanga chumba kimoja kwenye ploti iliyomwagwa simiti mpaka mlangoni. Hapakuwa na mahali pa kupanda hata kitunguu. Basi Mama akapanda kwenye ndoo. Ndoo za mafuta ya kupikia, mitungi iliyokatwa shingo, magunia, karai bovu, na gambuti moja ya Mzee iliyopoteza mwenzake. Humo mlikuwa na mboga za kienyeji: managu, saga, kunde na mrenda.

Kila Krismasi watu wakirudi kutoka nyumbani walileta kuku na ndizi. Yeye alileta gunia la udongo wa shamba la mamake. Utingo mmoja alimuuliza, "Mathe, kwani Eldoret hakuna mchanga?" Akamjibu, "Uko, lakini haunijui."

Neno lake lilikuwa moja: mboga yangu haijaonja dawa. Alitumia mbolea ya kuku, maganda ya jikoni na maji. Wadudu wakija, aliwapaka majivu asubuhi, umande haujakauka. Miaka kumi na minne, wapendwa, hakuna dawa. Ndiyo maana waliokuwa na wagonjwa walinunua kwake. Jirani yake, Wamucii, mamake alikuwa anatibiwa saratani. Anasema, "Daktari alituambia tuwe careful na chakula. Mimi nilikuwa nabisha tu kwa Mama Ndoo. Mbogamboga ya pale sikuwa naiuliza maswali."

Mwaka huu, mwezi wa pili, moyo wake ukachoka. Akalazwa wiki tatu. Ndoo akaachiwa Mzee Joash.

Wiki ya pili vidukari wakaingia. Ni wale wadudu weusi, wadogo, wanaojazana chini ya majani ya kunde. Mzee aliwaosha kwa maji, wakarudi. Aliwafinya kwa vidole, akiamka anakuta wamezaliana. Na kila mchana akienda hospitalini anaulizwa, "Watoto wangu wa ndoo wako aje?" Naye anajibu, "Wako sawa, Mama." Hakutaka ule moyo ushtuke.

Sasa sikilizeni vizuri. Chini ya kitanda kulikuwa na mkebe uliojaa majivu yaliyochekechwa. Mzee aliujua huo mkebe, ila asubuhi Mama akipaka majivu yeye alikuwa bado lindoni. Lakini Mzee Joash ni mwanamume wa Kimaragoli wa zamani, jikoni huingia kutafuta kiberiti tu. Nyumbani kwao majivu yaliyochekechwa yana kazi moja: kuchujwa kwa maji, yale maji ya kulainisha mrenda. Akaona ni ya mapishi. Akaukaza mfuniko ili mkewe ayakute akirudi. Kisha akatembea hadi mjini, akanunua dawa ya kupuliza.

Alijuaje hiyo dawa? Aliisikia hapa. Lilikuwa tangazo, mara nne kwa siku, na sauti iliyolisoma ni hii mnayoisikia sasa. "Puliza leo, kesho uvune." Nililisoma kwa furaha kabisa.

Mama Ndoo alirudi siku ya Alhamisi. Aliinamia ndoo ya kwanza, akachuma jani, akalinusa. "Baba Lennox, umeweka nini hapa?"

Mzee akamwambia.

Hakugomba. Mzee ananiambia afadhali angegomba. Alisema tu, "Usimpe mtu. Hata jani moja."

Kwa Wamucii alieleza hivi: dawa ikiingia shambani, mvua huja ikasafisha polepole, lakini udongo wa ndoo hauna pa kukimbilia. Ilibidi wote umwagwe. Hata mabua yaliyokuwa yanakausha mbegu, mbegu za mamake, yaling'olewa. Udongo mwingine ulikuwa Vihiga, na daktari alikuwa amemkataza kuinua hata jagi la maji. Akaketi kwenye kigoda mlangoni akimtazama mumewe aking'oa, ndoo baada ya ndoo. Hakuwa na la kufanya. Mzee naye hakuwa na la kufanya ila kung'oa.

Walipomaliza akauliza, "Na majivu, Baba Lennox?"

"Nilikuwekea. Ya mrenda."

Mama Ndoo alicheka mpaka akashika kifua. "Alicheka," Mzee anasema. "Mimi nikatamani ardhi inimeze, na hata ardhi yenyewe nilikuwa nimeshaiharibu."

Brigid Kavetsa alifariki wiki sita baadaye, ndoo zikiwa tupu. Daktari alisema ni moyo, dawa ile haihusiki. Mzee Joash hajamwamini. Alizikwa Vihiga, kwenye shamba la wakwe zake, ng'ambo ya mto kutoka kwa mamake.

Juzi nilienda Munyaka kutoa pole. Wasikilizaji, nilimweleza kuhusu lile tangazo. Nilidhani atanifukuza. Alivuta kigoda, nikakaa. Ndoo zimepangwa ukutani, safi, zimeinamishwa. Mkebe uko juu ya meza, bado umejaa.

Akaniuliza, "Kijana wangu, wewe ni mtu wa redio, unajua mambo mengi. Udongo ukishapulizwa hiyo kitu, unapona baada ya muda gani?"

Nililisoma lile tangazo mara nne kwa siku, wapendwa. Miezi miwili. Sikujua.

Kwako Mzee Joash, kwa mwanao Lennox, kwa Wamucii na mamake, na kwa wote waliokula kutoka kwa ndoo zile: poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki, tutafakari. Kuuliza si ujinga, na mimi ndiye niliyepaswa kuuliza kwanza, kabla sijafungua mdomo.

Mzee, najua redio yako imewashwa saa hii. Nimewauliza watu watatu swali lako, na kila mmoja amenipa jibu lake. Bado sijui.