Mti wa Bi Masika

Mwanamize alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, mlango wa mbele umeegeshwa, jirani waliyembandika jina la Redio alipofika kijiweni na habari. Kijiwe chenyewe ni baraza ya nyumba ya Mwanamize, hapo Micheweni. Kila baada ya alasiri mumewe, Fahd, huweka birika juu ya makaa, na wanaume wale wale huja kunywa kahawa na kubishana. Mwanamize huwasikia akiwa ndani. Kuwasikiliza hana nafasi.

— Mavani kumeingia mtu, alisema Redio. Mti wa kaburi la Bi Masika umeng'olewa.

— Mti upi? aliuliza Fahd.

— Ule mdogo, wa alama. Mzee Duni kenda kumsomea mkewe Yasini, kaukosa. Hata shimo halionekani.

Mkono wa Mwanamize ukasimama.

— Mbuzi hao, alisema Waziri, ambaye hajapata hata usheha wa mtaa lakini ana majibu ya serikali nzima.

— Mbuzi anafukia shimo, yakhe? aliuliza Redio.

— Basi watafuta dhahabu. Magofu ya Pujini yamewachosha, sasa wanakuja huku.

— Dhahabu gani chini ya mti wa kimo cha goti? Kauchukua mganga huo. Mti umesomewa Yasini miaka yote, dawa yake ndogo?

— Mie nasema Wazungu, alidakia mwengine. Wana vile videge visivyo na rubani. Vinashuka, vinang'oa, vinaondoka.

— Na kufukia?

— Wazungu wasafi.

Fahd akacheka. Ndani, Mwanamize aliweka kifuu chini.

Kila Ijumaa, baada ya darsa, huwafundisha wanawake wa chuo cha Kurani kulea bonsai, miti inayokatwa na kufungwa ibaki midogo chunguni. Alijifunza kwenye simu, na Shehe Yussuf akampa uga wa nyuma ya msikiti. Yeye ndiye aliyewaambia: tafuteni mti wa kwenye jiwe, mdogo lakini umezeeka, mkishaung'oa fukieni, rudisheni mawe, pasijulikane kama kapita mtu. Yumna, mmoja wa wanafunzi wake, akaleta mmoja, kaupata pembezoni mwa msitu akiokota kuni. Wanawake hawaendi kuzika. Mava yanaanzia wapi, Yumna hajui, na mwalimu wake hajui. Mwanamize aliusifu mti ule mbele ya wote, kisha akashika mkasi akakata nusu ya mizizi, akaupanda chunguni, akaja nao nyumbani kuutunza.

Nje kelele zilikatika. Mzee Duni alikuwa kafika, na Shehe Yussuf nyuma yake.

— Tutaweka alama nyingine, Mzee, alisema Shehe. Kaburi ni lipi?

Redio alikuwepo mazikoni. Waziri aliingia kaburini kumpokea maiti. Wote wawili wakatazama vikombe vyao.

— Mie nikiutazama mti tu, alisema Mzee Duni. Mawe ya pale yamefanana yote.

Mganga keshatajwa, Mwanamize angeweza kumwachia lawama. Lakini Mzee Duni angelikosa kaburi la mkewe mpaka anakufa. Alijitanda kanga, akauchukua mti pale karibu na pipa la maji, akatoka nao.

— Ni mimi, Mzee. Kauleta Yumna, ila niliyemtuma ni mimi. Yeye anapajua mahali. Kesho asubuhi atakwenda na Shehe amwoneshe.

Mzee Duni alipitisha kidole kwenye tawi.

— Umeufunga waya.

— Ndiyo, Mzee.

— Wa nini?

Jibu alikuwa nalo. Kila Ijumaa alilitoa. Upinde, upendeze. Aliuweka mti mbele ya Mzee, akarudi ndani.

Kahawa ilipoa birikani. Mmoja mmoja waliaga.

Tangu afiwe na mkewe, Mzee Duni hula kwa Fahd na Mwanamize. Usiku ule, baada ya isha, Mwanamize alipakua muhogo wa nazi huku akiomba moyoni asije. Akasikia viatu vyake mlangoni. Mzee aliketi pale pale anapoketi siku zote, akanawa, akasema bismillahi.

Mwanamize akahesabu kwa macho: Fahd, watoto, mama mkwe, Mzee. Wote wapo. Akamsogezea samaki mkubwa, asimtazame usoni.