Jicho la Kushoto la Shujaa

Kwenye basi la Biên Hòa, mji wa viwanda huko Vietnam, kijana aitwaye Khải alikuwa akijirekodi video kwa simu, akiwaeleza watazamaji wake ubora wa sanamu ya kuchezea aliyoishika, ya shujaa mwenye joho. Mimi, kiti cha nyuma, nilijifanya nasinzia. "Umbo limechongwa safi," alisema, "na magoti yanakunjika vizuri. Ila rangi! Jicho la kushoto limepakwa ovyo."

Mwanamke aliyekaa kando yake, amevaa sare ya kiwanda, akageuka. "Hebu nione, mdogo wangu." Akaisogeza karibu na uso. "Macho ya huyu napaka mimi."

Khải akazima simu. "Samahani, dada. Nilidhani ni mashine."

"Mashine inapaka joho. Macho ni mimi na brashi, mia sita kwa siku. Na hilo la kushoto limepinda kweli."

"Basi nitaifuta hiyo sehemu ya video."

"Uifute kwa nini? Miaka tisa hakuna aliyeyatazama macho yangu kwa makini hivi. Sema limepinda. Lakini na la kulia ulisemee."

Khải akaliinamia. "La kulia," alisema taratibu, "linaangalia kama mtu."

Basi likasimama langoni mwa kiwanda, dada akashuka. Khải aliwasha simu tena, akaigeuzageuza sanamu, asijue aanze na jicho lipi.